Wazazi wa watoto wenye ulemavu wa akili kukutana na kushauriana: je, ni kukosa subira?

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake, Swahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baad.

Tumepokea swali kutoka kwa dada yetu mzaliwa wa Pemba, ambaye yeye na mumewe wanaendesha duka Mamba, katika Halmashauri ya Mpimbwe, mkoa wa Katavi. Tumelifupisha kama ifuatavyo.

Swali

Assalaamu alaykum. Nina binti wa miaka tisa mwenye ulemavu wa akili. Anasema maneno machache tu, hajui kujisafisha baada ya choo, na akiona mlango wazi hutoka akapotea. Nikienda dukani humfungia chumbani. Huku tuliko hatuna ndugu. Nimejuana na kina mama watatu wenye watoto kama wangu, wawili kati yao ni Wakristo. Tumeanza kukaa pamoja mara moja kwa wiki na kuelezana namna tunavyowalea watoto wetu. Nimejifunza mengi na moyo wangu umepata utulivu. Lakini mume wangu amenikataza. Anasema ninalalamikia kadari ya Allah mbele za watu, ninaanika siri za nyumba, na ninamsengenya mtoto asiyeweza kujitetea. Mama mkwe naye amesema mtoto huyu ni adhabu ya jambo nililolifanya. Naomba jibu, sitaki kumuasi Mola wangu wala kumvunjia heshima mume wangu.

Jibu

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Swali hili limetoka mbali, lakini aliyeuliza ni mtu wetu, na aliyoyasema yamo katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba. Wapo majirani wanaokaa mtaa mmoja miaka kumi bila kujua kuwa nyumba ya pili yake yumo mtoto wa aina hii. Kwa sababu hiyo tutalijibu kwa urefu.

Kwanza: mtoto huyu si adhabu

Qur-ani imekariri mara kadhaa, ikiwemo Surat Al-An'aam aya ya 164 na Surat Al-Israa aya ya 15, kuwa hakuna nafsi inayobeba mzigo wa dhambi za nafsi nyengine. Mtoto hazaliwi na ulemavu ili alipe deni la mama yake. Na katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwa Muislamu hapatwi na tabu, maradhi, huzuni wala hata mwiba unaomchoma, isipokuwa Allah humfutia kwa hayo baadhi ya makosa yake. Mtihani wa mlezi basi ni mlango wa kusamehewa na kupandishwa daraja. Anayemwambia mama kuwa mwanawe ni adhabu anadai kuijua ghaibu, naye hana dalili yoyote.

Upande wa sababu za kidunia, wataalamu wanajua mengi. Wapo watoto wanaozaliwa na kromosomu 47 badala ya 46, na hii ndiyo hali ya Down. Wapo waliochelewa kupata hewa wakati wa kuzaliwa, waliopata manjano kali siku za mwanzo, waliougua malaria iliyopanda kichwani au homa ya uti wa mgongo, na wapo ambao mama zao walikosa madini joto ya kutosha wakati wa ujauzito. Mara nyengine sababu haijulikani kabisa. Hali hii haiambukizi. Tena tusiichanganye na maradhi ya akili. Mgonjwa wa akili huweza kuugua akiwa mtu mzima na akatibiwa akapona. Mwenye ulemavu wa akili ni mtu ambaye akili yake inakua taratibu tangu utotoni: hujifunza, ila huchukua muda mrefu zaidi na huhitaji kufunzwa kidogo kidogo. Anayempeleka mtoto kama huyu kwa mganga akapigwa au kutiwa moshi "ili jini litoke" anamdhulumu bure. Kumsomea kisomo cha sharia ni jambo jema, lakini hakuchukui nafasi ya mafunzo.

Pili: kueleza maumivu si kuishtaki kadari

Hoja ya mume ina asili yake katika dini, hivyo inastahili kujibiwa kwa heshima. Nabii Ya'qub (A.S.), kama ilivyo katika Surat Yusuf aya ya 86, alisema kuwa anamshitakia Allah peke yake huzuni yake. Wengi wamefahamu kutokana na aya hii kuwa mwenye subira ya kweli hafungui kinywa mbele ya viumbe.

Tuisome kisa chote. Aya ya 84 inatuonyesha Ya'qub akilitaja jina la mwanawe kwa majonzi mpaka macho yake yakawa meupe kwa kulia. Aya ya 87, inayofuata papo hapo baada ya maneno yake ya kumshitakia Allah, inamuonyesha akiwatuma wanawe wakamtafute Yusuf na ndugu yake na wasikate tamaa na rehma ya Allah. Alimshitakia Mola wake, kisha akawatuma watu watafute ufumbuzi. Mambo hayo mawili yalikwenda pamoja.

Vivyo hivyo Khawla bint Tha'laba (R.A.) alipofikwa na tatizo la mumewe. Alikwenda kwa Mtume (S.A.W.) akaeleza shida ya nyumba yake na akajadiliana naye, huku akimshitakia Allah. Hakuambiwa kuwa amekosa subira. Allah alimsikia kutoka juu ya mbingu saba na ikashuka Surat Al-Mujaadila.

Na Mtume (S.A.W.) mwenyewe, bibi Aisha (R.A.) alipolalamika kuumwa kichwa, alimjibu kuwa yeye ndiye hasa anayeumwa kichwa. Imam Bukhari ameipokea Hadithi hii na kuiwekea mlango maalumu unaoonyesha kuwa mgonjwa anaruhusiwa kusema "naumwa". Wanazuoni wakapambanua: kinachokatazwa ni maneno ya kuchukia hukumu ya Allah, kama kusema "kwa nini mimi, Mungu kanionea". Ama kusema "mtoto wangu halali usiku, nimechoka, wewe wako ulimfanyaje?", hiyo ni kueleza hali na kutafuta dawa. Subira ni kuuzuia moyo usikasirikie kadari na kuuzuia ulimi na viungo visifanye yaliyoharamishwa. Kuzuia msaada usimfikie mtoto si katika subira.

Tatu: sitara si kuficha

Sitara ni jambo kubwa katika dini yetu, na sisi watu wa visiwani tumelelewa nayo. Lakini kinachositiriwa ni dhambi na aibu za watu. Ulemavu si dhambi wala si aibu. Mwenye kuuficha ameuhesabu kuwa ni aibu hata kama hakukusudia.

Qur-ani imemsifu vibaya mtu wa zama za ujahili ambaye akipewa habari ya kuzaliwa mtoto asiyemtaka, uso wake husawijika na akajificha na watu kwa fedheha (Surat An-Nahl, aya ya 58 na 59). Pale alikuwa ni mtoto wa kike. Leo, kwa baadhi yetu, ni mtoto mwenye ulemavu. Moyo ule ule wa kuona haya kwa alichoumba Allah ndio uliokemewa.

Kisha tazama mwenendo wa Mtume (S.A.W.). Imam Muslim amepokea kutoka kwa Anas (R.A.) kisa cha mwanamke ambaye akilini mwake mlikuwa na kitu. Alimwendea Mtume akamwambia kuwa ana haja naye. Mtume alimwita kwa heshima, kwa jina la umama wake, akamwambia achague njia yoyote aitakayo, naye atamfuata amsikilize. Akasimama naye njiani, mbele ya macho ya watu, mpaka akamaliza haja yake. Hakuamrisha arudishwe nyumbani. Na Surat An-Nisaa aya ya 5, inayozungumzia wasioweza kusimamia mali kwa udhaifu wa akili, inatuamrisha tuwalishe, tuwavishe na tuseme nao maneno mema. Mtu husema maneno mema na mtu anayekaa naye. Aliyefungiwa chumbani nani atasema naye?

Wahenga wetu nao walituachia neno: mficha uchi hazai, na mficha maradhi kifo humuumbua.

Nne: je, ni kumsengenya mtoto?

Usengenyaji ni kumtaja mwenzio kwa jambo analolichukia bila ya haja ya kisharia. Imam An-Nawawi katika Riyaadhus Swaalihiin ametaja sehemu sita ambazo kumtaja mtu asiyekuwepo kunaruhusiwa, na miongoni mwake ni kutafuta fatwa na kutafuta msaada wa kuondosha baya. Dalili moja ni Hind bint Utba (R.A.), aliyemueleza Mtume (S.A.W.) kuwa mumewe ni mgumu wa matumizi, akapewa jibu bila ya kukaripiwa. Mama anayeuliza jinsi ya kumfunza mwanawe kwenda choo yumo katika mlango huu. Ama kumuigiza mtoto anavyosema ili watu wacheke, au kumwita "taahira", "zuzu" au "punguani", hilo ni haramu, awe anasikia au hasikii, anafahamu au hafahamu.

Tano: kwa nini mzazi mwenzio na si daktari peke yake

Daktari akikuona mara mbili kwa mwaka amekuona sana. Mwalimu humuona mtoto saa chache. Mzazi mwenzio ameishi na hali hiyo usiku na mchana. Anajua kuwa mtoto asiyeweza kutafuna hulishwa akiwa amekaa wima na uji uwe mzito kidogo asipaliwe. Anajua kuwa choo hufunzwa kwa saa maalumu, baada ya kula na kabla ya kulala, kwa maneno yale yale kila siku. Anajua dawa ya kifafa isikatishwe ghafla hata kama mtoto amekaa miezi bila kuanguka. Na anajua kitu ambacho hakiandikwi katika cheti cha hospitali: kuwa mtu anaweza kumpenda mwanawe na kuchoka naye kwa wakati mmoja, na kuchoka huko hakumfanyi kuwa mama mbaya. Wahenga wamesema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Asiyeubeba huuona mwepesi. Wanaoubeba pamoja ndio wanaojua uzito wake.

Jambo hili limejaribiwa duniani kote. Uingereza mwaka 1946, mama mmoja aitwaye Judy Fryd, ambaye binti yake alikuwa na ulemavu wa akili na hakupata skuli ya kumpokea, aliandika barua katika gazeti la malezi akiwaita wazazi wenziwe. Waliojibu wakaunda chama ambacho leo kinaitwa Mencap. Norway wazazi walianzisha chama chao, NFU, mwaka 1967. Kenya kipo chama cha KAIH, nacho kimejengwa na wazazi.

Na hapa kwetu ipo Jumuiya ya Watu Wenye Ulemavu wa Akili Zanzibar, ZAPDD, iliyoanzishwa mwaka 1999, ambayo kwa miaka mingi imefanya kazi kwa kushirikiana na hao wazazi wa Norway. Kabla yake ulikuwepo Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar tangu mwaka 1985, lakini mtu mwenye ulemavu wa akili mara nyingi huhitaji mzazi wake amsemee, ndiyo maana wazazi wakahitaji jumuiya ya kwao. ZAPDD ilisaidiana na Wizara ya Elimu kuanzisha elimu mjumuisho, yaani watoto hawa kusoma katika skuli za mitaani mwao pamoja na wenzao, na Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ikaikubali njia hiyo. Mwaka huo huo ilipitishwa sheria ya haki za watu wenye ulemavu Zanzibar, na mwaka 2022 ikaja sheria mpya mahali pake. Tanzania Bara nayo ina sheria yake ya mwaka 2010, kwa hiyo dada yetu wa Mamba naye ana haki ya kuidai skuli kwa binti yake huko aliko. Mzazi aliyejifungia peke yake nyumbani hapati nguvu ya kuyadai haya.

Shirika la Afya Duniani nalo limetengeneza mafunzo ya walezi wa watoto wenye ulemavu wa ukuaji: vikao tisa vya pamoja na ziara tatu za nyumbani. Yametayarishwa ili yaweze kuendeshwa na watu wa kawaida waliofunzwa, si lazima madaktari bingwa, na yamejaribiwa Kenya na Ethiopia. Uganda upo mpango wa makundi ya wazazi wa watoto wadogo ambao mwendeshaji wake mmoja huwa ni mzazi mzoefu. Kina mama wanne wa Mamba wamefikia kwa akili zao yale ambayo wataalamu wameyafikia kwa utafiti.

Sita: kukaa na wasio Waislamu kwa jambo hili

Hakuna ubaya. Surat Al-Mumtahina aya ya 8 inaeleza kuwa Allah hatukatazi kuwafanyia wema na uadilifu wasiotupiga vita kwa ajili ya dini. Mtume (S.A.W.) kabla ya kupewa utume alihudhuria mkataba wa Hilful Fudhuul katika nyumba ya Abdullah bin Jud'aan, wa kumsaidia aliyedhulumiwa, na baada ya Uislamu alisema kuwa angeitwa tena kwa mkataba kama ule angeitikia. Kulea watoto wanyonge ni katika wema ambao Surat Al-Maaida aya ya 2 imetuamrisha kusaidiana. La kuzingatia ni kuwa kikao kisigeuke kuwa cha ibada ya dini nyengine, wala Muislamu asishawishiwe kwenda kwenye maombi au uganga wa kumponya mtoto.

Saba: vipi kuhusu katazo la mume

Dada yetu, usitoke kwa kificho, na usiiache haki ya mtoto ikapotea. Surat Al-Baqara aya ya 233 imefanya suala la kumwachisha mtoto ziwa kuwa la kuridhiana na kushauriana baina ya baba na mama. Ikiwa kumwachisha ziwa kunahitaji mashauriano, basi maisha yote ya mtoto mwenye ulemavu yanahitaji zaidi. Msomee mumeo maelezo haya wakati moyo wake umetulia. Mpendekezee kikao kifanyike nyumbani kwenu, ili ajue nani anaingia na nini kinasemwa. Akiendelea kuwa na wasiwasi, muombe mzee anayemheshimu au imamu wa msikiti aliyopo karibu azungumze naye.

Na kwako wewe ndugu yetu mume: tunaiheshimu ghera yako juu ya nyumba yako. Lakini binti huyu ni amana juu ya shingo yako kabla ya shingo ya mama yake. Mwanachuoni husema kuwa lile ambalo wajibu hautimii ila kwalo, nalo huwa wajibu. Kumlea na kumuondoshea madhara ni wajibu. Ikiwa huko mliko hakuna njia ya kujifunza hilo ila kwa wazazi wenzenu, basi kuzuia njia hiyo hakufai. Bora zaidi, watafute kina baba wa watoto hao nanyi mkae. Kina baba wengi hubeba huzuni hii kimya, na ukimya wao hugeuka ukali ndani ya nyumba.

Nane: adabu za kikao

1. Kinachosemwa ni amana. Imepokewa kwa Abu Daud na Tirmidhi kuwa mtu akizungumza kisha akageuka kutazama nani anasikia, mazungumzo yake yameshakuwa amana. Jina na picha ya mtoto wa mwenzio visitoke nje ya kikao, wala visitumwe kwenye simu.
2. Siri za kitandani baina ya mke na mume hazitajwi. Mtume (S.A.W.) amelikemea hilo kwa ukali.
3. Azungumzwe mtoto na malezi yake. Mkwe, wifi na jirani waachwe.
4. Kina mama wakae peke yao na kina baba peke yao, au kama ni pamoja basi kwa heshima na sitara ya mavazi.
5. Atakayesema neno la kukata tamaa asikaripiwe. Akumbushwe kwa upole na asaidiwe.
6. Kila kikao kitoke na jambo moja la kwenda kulifanya nyumbani, na kikao kinachofuata kianze kwa kuulizana limekwendaje.

Tisa: mambo manne ya kuyafanyia kazi pamoja

*Kufungiwa.* Tunajua dada yetu humfungia binti kwa kumuogopea, si kwa ukatili. Lakini mtoto aliye peke yake nyuma ya kufuli anaweza kufikwa na moto, kupaliwa au kuanguka kifafa na asisikiwe. Hapa ndipo kundi linapofaa: wekeni zamu, mama mmoja awaangalie watoto nyumbani kwake wakati wenzake wako kazini. Mtambulisheni mtoto kwa majirani na wenye maduka ili akitoka wamrudishe. Mshoneeni namba ya simu ndani ya nguo.

*Usalama wake.* Utafiti ulioandaliwa kwa Shirika la Afya Duniani na kutolewa mwaka 2012 ulionyesha kuwa watoto wenye ulemavu hupatwa na ukatili karibu mara nne zaidi ya wenzao, na wenye ulemavu wa akili hufanyiwa udhalilishaji wa kijinsia mara 4.6 zaidi. Mdhalilishaji humchagua mtoto asiyeweza kusema na ambaye watu wake wanaona haya kumtaja. Kuficha kwetu ndiko kunakompa nafasi. Likitokea, lifikishwe polisi na hospitali mara moja. Kumalizana kifamilia katika jambo hili ni kumsaidia dhalimu.

*Twahara, baleghe na ibada.* Binti wa miaka tisa yuko karibu na hedhi. Aanze sasa kufunzwa kuvaa na kubadilisha kitambaa, kabla damu haijamjia akaogopa. Kuhusu Swala, Hadithi iliyo kwa Abu Daud na wengine inaeleza kuwa kalamu imenyanyuliwa kwa watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe na asiye na akili mpaka apate akili. Akibaleghe naye hana ufahamu wa kutambua ibada, hana wajibu. Akiwa na ufahamu kiasi, atafunzwa kwa kiasi chake, na Allah haikalifishi nafsi ila kwa uwezo wake. Kumsimamisha pembeni ya mama yake wakati wa Swala, hata kama hukosea, ni katika malezi mema.

*Mali yake, na nani atamlea tukifa.* Huu ndio wasiwasi unaowakosesha usingizi wazazi wengi. Mtoto huyu anarithi fungu lake kamili kama ndugu zake, na kumpunguzia kwa hoja kuwa "hajui pesa" ni dhulma. Katika madhehebu ya Imam Shafi, msimamizi wa mali yake ni baba, kisha babu mzaa baba, kisha aliyeusiwa nao, kisha Kadhi. Kwa hiyo baba aandike wasia wa kumtaja msimamizi akiwa hai. Kwa walioko Zanzibar, Mahakama ya Kadhi na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ndizo ofisi za kuziendea. Baba akitaka kumpa zawadi ya ziada katika uhai wake kwa ajili ya haja yake, Ibn Qudama katika Al-Mughni ametaja kuwa kumzidishia mtoto kwa sababu kama maradhi ya kudumu au upofu kuna ruhusa. Awaeleze watoto wengine sababu, ili pasizaliwe chuki.

Hitimisho

Kwa ufupi: kikao hicho kinafaa na ni katika kusaidiana kwenye wema. Huwa wajibu pale ambapo bila yake mtoto atadhurika. Si kukosa subira, si kuvunja sitara, wala si kusengenya, ikiwa adabu tulizozitaja zitachungwa. Na aliyemwita mtoto huyu adhabu amtake radhi mama yake na amuombe Allah msamaha.

Tunawausia maimamu na walimu wa madrasa wa Unguja na Pemba, kila mmoja katika mtaa wake, waulize nyumba zipi zina watoto hawa, wawakutanishe wazazi wao, na wawape chumba cha madrasa siku ambayo hakina darasa. Wawapokee na watoto wenyewe madrasa, hata kama mtoto atatoka na Al-Faatiha peke yake baada ya miaka mitatu. Mwenye Zaka amtazame mama fukara asiyekuwa na nauli ya kumpeleka mwanawe hospitali. Mtume (S.A.W.) ametufunza, katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari, kuwa hatunusuriwi wala haturuzukiwi ila kwa sababu ya wanyonge wetu. Basi rizki ya mitaa yetu huenda inapita katika vyumba hivyo tulivyovifunga.

Tunamuomba Allah (S.W.) awape wazazi hawa nguvu na nyoyo za utulivu, awahifadhi watoto wao, na awakutanishe pamoja katika Pepo yake ya Firdaus. Aamin.

Wallahu a'alam.